Mtendaji Alivyopata Namba Moja

“Bi Mwanaheri, nakwambia kwa mara ya tatu, na hii ya tatu ni ya kiserikali: kompyuta yako imeigomea yangu!”

“Haijagoma, Mtendaji. Wateja wanachapa tangu asubuhi. Yako ndiyo imesusa.”

“Kompyuta ya Mtendaji haisusi!”

“Basi imenuna. Ivue hicho kitambaa ipate hewa.”

Ezekia, Mtendaji wa Kata, alikuwa upande huu wa ua wa michongoma. Mwanaheri, mwenye chumba cha kuchapa barua na kadi za harusi, alikuwa upande ule. Juu ya miiba, kati yao, ulipita waya mmoja wa buluu ukichezeshwa na upepo wa Makambako, na kila aliyekuwa akienda sokoni alisimama kidogo kufunga kamba za viatu, hata wenye ndala.

Isidhaniwe kwamba huu ulikuwa ugomvi wa majirani. Lilikuwa suala la maendeleo. Soko huria lilikuwa limefungua milango, na hata simu ya mkononi ilishika mawimbi Makambako ukipanda juu ya kichuguu na kugeukia stesheni. Ezekia, mtu makini, hakutaka kata yake iachwe nyuma. Kompyuta aliyopewa kwenye semina aliiweka sebuleni kwake, akaifunika kitambaa cha kufuma, kisha akaiandikia wilaya kwamba kata imezindua Mtandao wa Ujirani: kompyuta ya Mtendaji na tatu za Mwanaheri, zote zikizungumza kwa waya. Mama Letisia, afisa utumishi, angekuja kutoka Njombe siku ya Alhamisi kujionea. Na akiridhika (hapa Ezekia alishusha sauti hata akiwa peke yake) jina lake lingepelekwa mbele kwa nafasi ya Katibu Tarafa. Njombe mjini. Ofisi yenye zulia.

Kasoro ilikuwa ndogo tu: mtandao ulikuwepo, ila Mtendaji hakuwemo.

Siku hiyohiyo, Jumatatu, tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata:

“WANANCHI WOTE WANATANGAZIWA kuwa Kata imeunda Kamati ya Dharura ya Kuisaidia Kompyuta ya Mtendaji Kuungana na Wenzake. Kamati itafanya kazi usiku na mchana, isipokuwa usiku.”

Kamati haikulala. Kompyuta ilizimwa na kuwashwa mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa kila dini. Mgambo aliukagua waya kwa urefu wake wote, akaukuta na afya njema. Mbuzi wa Mwanaheri aliitwa, akafunguliwa kinywa, meno yake yakalinganishwa na mkwaruzo uliokuwa kwenye waya, akaachiwa kwa kukosa ushahidi, ila akapewa onyo. Muda wote huo kioo cha kompyuta kilirudia maneno yaleyale ya Kiingereza, kwamba namba hii ina mwenyewe tayari. Kamati ilipoyatafsiri iliyaondoa kwenye muhtasari, maana yalionekana ya uchochezi.

Ezekia akamjulisha Mwanaheri kwamba ikifika Alhamisi mambo hayajakaa sawa, chumba chake kitapigwa kufuli kwa kosa la kuzuia maendeleo. Mwanaheri akamwita Anselmi, fundi redio wa Njombe aliyesomea kompyuta miezi mitatu Dar es Salaam.

Anselmi hakuunda kamati. Aliketi, akabonyeza mara nne, akacheka peke yake.

“Mzee, kila mashine kwenye waya ina namba yake, kama nyumba za mtaa. Ile kubwa ya mama huyu ni namba moja. Na hii yako umeiandika namba moja.”

“Ulitaka niandike ngapi?”

“Nne. Andika nne, inaingia sasa hivi, tunakunywa chai.”

“Fundi,” Ezekia alisema taratibu, kwa huruma ya mtu aliyehudhuria semina nyingi, “katika kata hii wa kwanza ni mimi. Wa nne unamjua? Wa nne ni bwana mifugo.”

Bwana mifugo, ambaye ndiye alikuwa katibu wa kamati, aliliandika hilo kwenye muhtasari.

“Mzee, namba moja siyo cheo. Ni mashine iliyofungiwa printa. Nyingine zote zikitaka kitu zinakwenda kwake.”

“Zote?”

“Zote.”

“Zinakwenda kwake.”

“Ndiyo, mzee.”

“Halafu unaniambia siyo cheo!”

Mwanaheri alikuwa amesimama mlangoni, khanga kiunoni. Alifika Makambako na malori ya mumewe miaka kumi na miwili iliyopita, na wakubwa alishawaona wa kila saizi. Alimtazama Mtendaji kama mtu anayekadiria gunia kwa macho.

“Mpe,” akasema.

“Lakini mama, wateja wako…”

“Mpe namba yake, Anselmi. Na printa ihame nayo. Utampaje mtu ufalme halafu umnyime kiti?”

Ezekia aliguswa. Alimpa Mwanaheri mkono mbele ya kamati, akatangaza kwamba mgogoro umemalizwa na busara, akajishukuru.

Anselmi alipomaliza kubadilisha namba, kompyuta ya Mtendaji iliingia kwenye mtandao bila kinyongo. Ezekia aliisimamia, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi. Akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa kadi ya kipaimara cha mtoto asiyemjua, wa huko Kichiwa.

Jumanne wakaanza kuja watu. Mwanaheri alichapa kwake kama kawaida, ila akibonyeza, kazi inatokea kwa Mtendaji. “Kachukueni kwa Namba Moja,” aliwaambia wateja, “na mvue viatu, sakafu imepigwa nta.” Akaja mwenye kadi, akaja mwalimu na mitihani yake, akaja dalali wa viazi. Akaja mzee Tarsis wa Kichiwa, aliyetoka kwake alfajiri na kabuti lake kwa ajili ya kadi arobaini za mjukuu, na zilipotoka kumi printa ikaishiwa wino. Akasema hana haraka, atasubiri; hata wino ulipoletwa jioni, bado hakuwa na haraka.

Ulikuwa mwezi Juni, na baridi ya huko inauma bila kuuliza jina. Fidelia, mke wa Mtendaji, hakulelewa kumwacha mtu akae nyumbani kwake bila kitu mkononi. Alichemsha chai. Alichemsha viazi. Jumatano akaazima sufuria kwa Mwanaheri, ambaye alimpa tatu kabla hajamaliza kuomba.

“Baba Enoki, hawa watu wanaondoka lini?”

“Siyo watu, mama Enoki. Ni takwimu.”

Na takwimu zinataka utaratibu. Ezekia alitoa waraka: hakuna karatasi itakayotoka Namba Moja bila muhuri wa Namba Moja. Muhuri wenyewe ulisema NIMESOMA, NIMETHIBITISHA. Hadi Jumatano jioni alikuwa amethibitisha ndoa tatu, magunia mia mbili ya viazi, na mtihani wa darasa la sita pamoja na majibu yake. Kusoma alishaacha tangu kadi ya pili.

Alhamisi gari la wilaya likasimama. Letisia alikuwa mwanamke mfupi, sweta zito, maneno machache.

“Kamwene!” akasalimu, na sebule nzima ikamwitikia kama kwaya. Akahesabu vichwa kwa macho. “Hawa wote, Bwana Ezekia?”

“Wameunganishwa, Mama. Siku nne tu. Sasa tazama kasi.”

Printa ikakohoa. Ezekia akainyakua karatasi, akaigonga muhuri, akatia sahihi yenye mkia mrefu, akamkabidhi Letisia bila kuitupia jicho, maana kasi ndiyo ilikuwa hoja. Letisia akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

“‘Sisi wananchi wenye majina hapa chini tunalalamika kwamba Mtendaji wetu haonekani. Ukimfuata ofisini Jumatatu yuko semina, Jumanne yuko Njombe, Jumatano yuko njiani anarudi. Tunaiomba wilaya imweke mahali ambapo mwananchi akimtaka atampata.’” Akashuka kwa kidole hadi chini. “Majina mia moja na kumi na mawili. Sahihi mpaka sasa ni moja. Ya kwako.”

Ng’ambo ya michongoma Mwanaheri alikuwa anaanua nguo ambazo bado zilikuwa zinachuruzika maji.

“Hiyo, Mama… hiyo ni ya majaribio. Ya kiufundi.”

“Yamefaulu.” Letisia akaikunja karatasi, akaitia mkobani. “Nitakuwa mkweli. Nilikuja kukuchukua. Fomu ya Ukatibu Tarafa iko kwenye gari. Lakini wananchi wameomba, Mtendaji amesoma na kuthibitisha, na nimekuta ombi limeshaanza kutekelezwa. Nyumba imejaa, watu wanahudumiwa, mpaka chai ipo. Nikikutoa hapa, wilayani nitaeleza nini?”

“Ofisi ya kata ipo, Mama…”

“Ofisi ya kata nimepita, ina kufuli. Huduma zitatolewa hapahapa sebuleni, saa moja na nusu asubuhi mpaka mtu wa mwisho.”

“Na semina?”

“Utaunganishwa kwa waya.”

Ezekia alilisindikiza gari mpaka barabara kuu. Alisimama hapo akilitazama likishika njia ya Njombe na fomu yake ndani, mpaka likawa dogo kama kiberiti. Aliporudi alikuta viatu vimejaa kizingitini, hakuna pa kukanyaga. Ndani, Fidelia alikuwa ametandika mikeka, ametenga ugali mkubwa, maharage na majani ya maboga, na takwimu zote zilikuwa zimeshakunja mikono ya mashati. Kwenye kile kiti chake cha mito miwili alikaa mzee Tarsis, kabuti limefunguliwa vifungo, ametulia kama mwenye hati ya kiwanja. Alimwona Mtendaji amesimama mlangoni, muhuri mkononi, hajui aende wapi.

“Aa, Mtendaji!” akasema, akimsogezea bakuli la kunawa. “Mbona unasimama nje kama mgeni? Vua viatu, mwanangu, ingia, tukupishe nafasi. Karibu tule.”