Marehemu Bibi Yangu ni Mzima wa Afya

Jumatatu, 9 Juni
Clarksdale, Mississippi, mji wa muziki wa bluzi. Nimemwimbia Bi Verlene Tubbs, mwenye ukumbi wa muziki. Jumamosi ana nafasi moja ya mwimbaji mpya, tunaigombea mimi na Cortland Gaines. Nikikosa, narudi Memphis kupokea simu kwenye kliniki ya meno ya baba. Nilimwahidi. Kwa maandishi!

Bi Verlene alisikiliza huku akimenya viazi. Akasema sauti ninayo, vidole ninavyo, lakini mtoto wewe umeshiba, bluzi gani hiyo? Nani kakuumiza? Nikafikiri. Utotoni nilifundishwa fidla. Suruali zangu zina pasi. Cortland alifiwa na mbwa wake mwezi uliopita. Wengine wana bahati zao!

Maneno yakaniponyoka. Nikasema nimefiwa na bibi yangu aliyenilea. Jana tu. Bi Verlene akatupa kisu, akanikumbatia. Nafasi ni yangu!

Bibi Lucinda ni mzima, anaimba kwaya Memphis. Lakini Memphis ni mbali. Mwendo wa saa moja na nusu.

Jumanne, 10 Juni
Nimetunga wimbo wa bibi kulala udongoni. Beti nne. Ubeti wa tatu umeniliza mwenyewe. Cortland kaja kunipa pole, kofia mkononi. Nilimwonea huruma. Kidogo.

Jumatano, 11 Juni
Balaa! Nilisahau kwamba Bi Verlene akishafunga ukumbi ni mtu wa kanisani. Leo kwenye darasa la Biblia jina la bibi limesomwa katika orodha ya maombi. Watu wote wakasimama. Mchungaji akauliza mazishi ni lini. Nikasema familia bado inashauriana. Jasho hadi kwenye soksi.

Alhamisi, 12 Juni
Chakula cha msiba kimeanza kuingia kutoka kwa watu wa kanisa. Keki tatu za siagi. Makaroni ya jibini, sinia mbili. Kuku wa kukaanga wa kutosha harusi. Kila bakuli lina jina la mwenyewe limebandikwa chini, maana yake lazima nilirudishe, na nikirudisha nitaulizwa maswali.

Dada Ernestine Pugh, katibu wa kanisa, hakungoja. Aliuliza bibi alikuwa akisali wapi, wapeleke maua. Nikataja kanisa lake la kweli! Kwa nini? Sijui. Nilikuwa na paja la kuku mdomoni.

Ijumaa, 13 Juni
Kimya. Simu haijalia hata mara moja. Kimya cha namna hii sikipendi. Nimemaliza keki ya pili kwa wasiwasi.

Jumamosi, 14 Juni
Nakuja kujua leo: jana Dada Ernestine alipiga simu Memphis kuuliza wahudumu wavae rangi gani siku ya mazishi. Ijumaa ni zamu ya bibi kupokea simu za kanisa.

Saa kumi alasiri, ukumbi umejaa, samaki wanakaangwa. Nikaimba. Ubeti wa pili, pale kwenye udongo, nikaona kofia ya zambarau meza ya mbele. Bibi! Na sahani ya kambare. Gitaa likanyamaza. Akafuta midomo, akasema ukumbi mzima ukisikia: "Endelea, baba. Nataka kujua nilikufaje."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Sikuwa na pa kukimbilia, nikaanza kuimba niliyoyafanya: nimemzika anayenipenda ili nipigiwe makofi na wasionijua. Sauti ilikatika. Mtu huko nyuma akapaza sauti, "Sema, kijana!" Bi Verlene alilia. Cortland alivua kofia. Bibi alijifuta macho, kisha akamwambia Dada Ernestine kwamba keki yake ya msiba kaionja na ni kavu, marehemu kama yeye alistahili bora kuliko hiyo.

Nje akaninyoosha kola. Akasema ule wimbo wa mwisho ndio wimbo, kwa hiyo sina haja ya kuua mtu ili niimbe. Nikaahidi kutomuua mtu tena. Nilimkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Nampenda sana bibi yangu.

Jumapili, 15 Juni
Bi Verlene kanisamehe. Kanipa nafasi nyingine mwezi ujao, kwa sharti moja: nije na wimbo wa kweli kama ule.

Nimeyatafakari maneno ya bibi asubuhi nzima, na kosa langu nimeliona wazi. Bibi ana kanisa, ana simu, ana nauli. Nilichagua mtu vibaya. Baba mdogo Rufus yuko Alaska kwenye meli ya samaki, hasali popote wala hapigiwi simu na mtu.

Ubeti wa kwanza uko tayari. Umeniliza.