Malalamiko Dhidi ya Gari la Mke Wangu

Kwa Shangazi Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na kuku wanataga. Huku sote hatujambo, isipokuwa mimi.

Wewe ndiye uliyemlea binti wa kaka yako, ukanikabidhi mbele ya ukoo mzima, ukaniambia nikiona jambo nisikae nalo moyoni. Shangazi, nimeona jambo. Liko sebuleni, mahali palipokuwa na kochi.

Kama ujuavyo, mke wangu anafanya kazi kwenye karakana ya matangi ya maji ya faiba, nami ni fundi cherehani, nashonea hapa hapa nyumbani. Tuliishi vizuri mpaka alipoamua kujiundia gari la mbio la mtindo wa kizamani, lenye pua ndefu na injini iliyo nje bila haya. Chesisi na injini, vya pikapu iliyokwisha kufa, viko uani. Bodi anaiunda mwenyewe kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi iitwayo rezini, na kwa kuwa rezini haitaki mvua, bodi inalala ndani. Dirisha la sebule amekwisha kuling'oa, eti siku ya kutoka papatikane pa kupitia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Chaki yangu. Kila anapohisi bonde kwenye bodi anapazungushia duara kwa chaki yangu ya kushonea. Juzi mteja alikuja na haraka zake, nikalazimika kuchora suruali yake kwa kipande cha sabuni ya kuogea.

2. Kiganja. Anafumba macho na kupitisha kiganja juu ya madigadi, polepole, huku akinong'ona. Mimi nimeumwa mafua juma zima na hakuna aliyenigusa paji la uso. Nilipolalamika, alikuja, akafumba macho, akanipapasa, akasema upande wa kulia pana mwinuko kidogo.

3. Bwana harusi. Hili ni zito. Mke wangu aliacha juu ya meza yangu ya kukatia jora la kitambaa cheupe, kimefumwa kwa ustadi, kinang'aa kuliko satini. Mimi, fundi wa miaka mingi, nikakitambua papo hapo kuwa ni bitana ya hali ya juu, nikaitia ndani ya koti la bwana harusi. Kumbe ni nyuzi za kioo za mlango wa kulia wa gari! Maskini alianza kujikuna wakati wa kula kiapo, na ukumbini alicheza kwa namna ambayo wageni waliisifu sana. Bibi harusi hakuisifu. Nilipomsimulia mke wangu maafa haya, alishika kichwa, akaniuliza kama kuna kipande kilichobaki.

4. Praima. Ndiyo rangi ya msingi. Anaipuliza, ya kijivu, kisha juu yake ananyunyiza rangi nyeusi kidogo, kisha anasugua vyote kwa msasa na maji mpaka karibu viishe, kisha anaanza upya. Anasema weusi unapobaki ndipo penye bonde. Shangazi, mimi nikishapiga nguo pasi siikunji tena ili nipate sababu ya kuipiga pasi. Pasi yenyewe sasa ni ya kijivu.

5. Kutokana na hayo manne, nimefikiri kwa utulivu na kuona kwamba kilichomo sebuleni si gari. Kinaogeshwa, kinapapaswa, kinafunikwa shuka, kinaulizwa kimeamkaje. Huyo ni mume mwenzangu. Sina kinyongo naye, ila nataka haki. Ninaomba uje haraka, uitishe kikao, utangaze zamu: gari lipewe siku zake, nami zangu, na siku zangu msasa usionekane. Nampenda mke wangu, Shangazi, na ninaona ananipita hivi hivi.

Nisalimie Baba Mdogo, watoto wote, na yule jirani yako mpenda habari, ambaye najua anasoma barua hii begani kwako.

Mimi mkweo mtiifu, nikiwa vumbini,
Fundi Cherehani

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha mke wangu aliponiita. Praima ya mwisho ilikuwa imekauka, akaniomba nifumbe macho nipapase. Nikapapasa kama ninavyotafuta mkunjo kwenye kola, na chini ya bawaba ya mlango nikakuta bonde ambalo yeye hakuliona. Akapagusa, akafumba macho, akapagusa tena. Kisha akanishika mkono na kuniuliza mkono huu ulikuwa wapi siku zote hizi. Nilifurahi mno, Shangazi, mpaka nikaona aibu. Kwa hiyo zamu usizitangaze. Siku zote lipewe gari. Mimi nitakuwa hapo hapo nasugua. Wala usije kwanza, praima haitaki vumbi la wageni. Viti vya gari nimeanza kuvishona leo. Ile velveti uliyonitumia nikushonee gauni imetosha vyote viwili.