Roketi Iliyopaa Sote Tukiwa Kifudifudi

Leo nimeaibika mbele ya shule nzima, wazazi, bodi na mbuzi wa jirani, na la ajabu ni kwamba nimerudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine. (Hapa Kharumwa habari haingoji bodaboda.)

Mnaonifahamu mnajua kwamba nafundisha fizikia, na kwamba nasimamia klabu ya sayansi inayokutana katika chumba kidogo nyuma ya maabara. Chumba hicho ndicho kiini cha mkasa. Mwenyekiti wa bodi ya shule, Mzee Masanja, alikitaka kiwe stoo ya mahindi ya chakula cha wanafunzi. Hoja yake ilikuwa fupi na ngumu kuijibu.

"Mwalimu Shija, mahindi yanaliwa. Hiyo klabu yako inaliwa?"

Mkuu wa shule, ambaye sote tunamwita Madam, akatoa hukumu ya katikati. Klabu ionyeshe jambo moja, mbele ya wazazi, watu walione kwa macho yao. Likionekana, chumba kinabaki chetu. Lisipoonekana, magunia yanaingia Jumatatu.

Tukaamua kurusha roketi. Si ya kwenda mwezini. Ni ile ndogo ya wanaoanza, isiyozidi urefu wa mkono. Mwili tuliuviringisha kwa karatasi ya manila juu ya kipande cha bomba. Mapezi ya kuinyoosha hewani tuliyakata kwenye ubao mwepesi. Pua tuliichonga kutoka kwenye soli ya kandambili. Parachuti ilitokana na mwavuli mwekundu wa mke wangu. ("Na mvua ikinyesha?" aliniuliza. Nikamjibu kwamba sayansi ina gharama zake. Tangu hapo tunazungumza mambo ya lazima tu.)

Injini, yaani kibomba kidogo chenye baruti iliyoshindiliwa kiwandani, niliipata kwa rafiki tuliyesoma naye chuo kikuu. Ilikuwa moja tu. Kwa hiyo hapakuwa na majaribio. Ingeruka leo mbele ya watu, au tungehesabu magunia.

Basi leo mchana uwanja wa mpira ukajaa. Mtendaji wa kijiji alikwishapewa taarifa, ng'ombe walikwishaondolewa, na upepo ulikuwa mtulivu. Wazazi wengi hapa kwetu ni wachimbaji wadogo wa dhahabu, na walifika moja kwa moja kutoka machimboni, vumbi likiwa bado kwenye nyusi. Madam alivaa suti nyeupe. Mzee Masanja, aliyechimba Geita miaka mingi kabla ya kurudi kufuga, alikaa kiti cha mbele na kukunja mikono. Kando ya goli, Mama Zuhura, mwenyeji wa Pangani aliyehamia kwetu majuzi kumfuata mwanawe, alikuwa anakaanga vitumbua vyake bila kutujali.

Nilitoa hotuba. Naona haya kuirudia, lakini nimeahidi kusema yote.

"Ndugu wazazi," nilisema, "hofu ni mtoto wa kutojua. Mtu aliyeelimika husimama wima mbele ya jambo asilolijua, akalitazama usoni."

Walipiga makofi. (Nami nilipiga kidogo, moyoni.)

Nikawasogeza watu wote nyuma, mbali na fimbo ya chuma iliyoishikilia roketi. Nikavuta waya hadi kwenye betri, nikashika swichi. Lakini watoto hawakunyamaza. Ndipo nikapata wazo ambalo, kwa wakati ule, lilionekana kuwa la kawaida kabisa. Niliazima filimbi ya mwalimu wa michezo, nikapuliza mara tatu kwa kirefu.

Kwa walio mbali na machimbo, naomba nieleze. Katika maduara yetu, yaani yale mashimo ya dhahabu, fundi baruti hapulizi filimbi ovyo. Akipuliza mara tatu, maana yake mwamba unakaribia kulipuliwa. Kisha hupaza sauti na kusema "Moto!" Aliye karibu hujitupa chini kifudifudi, huweka mikono kichwani, na hanyanyui uso mpaka aambiwe "Salama." Hakuna anayejadili. Waliojadili hawapo tena.

Haya yote nayafahamu vizuri. Wakati wa likizo za chuo nilikuwa nabeba mawe kwenye duara la mjomba. Ila leo nilikuwa mwanasayansi, na mwanasayansi alikuwa ameshika filimbi.

Uwanja ukanyamaza ghafla. Nikafurahi sana. Nikasema moyoni, kumbe hotuba imewaingia.

"Tano," nikahesabu.

Wanaume wa mstari wa mbele wakachuchumaa. Nikadhani wanawapisha walio nyuma waone vizuri. Watu wa hapa wana adabu.

"Nne. Tatu."

Akina mama wakawavuta watoto kifuani. Nikadhani ni msisimko.

"Mbili. Moja."

Nikabonyeza swichi. Na papo hapo Mzee Masanja, bila kukusudia, kwa sauti iliyokuwa imelala ndani yake tangu alipoacha kuchimba, akanguruma, "Moto!"

Uwanja wote ukaanguka. Wazazi, walimu, bodi. Wanafunzi wakaanguka kwa sababu wazazi wao wameanguka. Madam akashuka na suti yake nyeupe kama shuka lililokatikiwa kamba.

Na mimi?

Ndugu zangu, nimegundua kwamba elimu ya chuo kikuu hukaa kichwani, lakini elimu ya duara hukaa magotini. Magoti hayakuniuliza. Nilijikuta nimelala, pua imezama kwenye nyasi, viganja vimefunika kisogo, nikinong'ona jina la marehemu mama yangu.

Nikasikia fyuuu. Sauti safi, ndefu, ikipanda na kupanda hadi ikawa nyembamba kama uzi. Ni sauti niliyoiota tangu nikiwa kijana, nami niliisikiliza nikiwa natazama sisimizi.

Kisha juu sana pakasikika pap. Hiyo ni hatua ya kawaida, injini inapoisukuma parachuti itoke. Lakini kwa mchimbaji, pap ni pap. Watu wakazidi kujibana na ardhi.

Hakuna aliyesema "Salama," kwa sababu aliyepaswa kuisema alikuwa mimi, nami nilikuwa naisubiri.

Hatimaye ikasikika sauti ya Madam, tulivu mno, kutoka ardhini.

"Mwalimu Shija."

"Naam, Madam."

"Kuna kitu kimetua mgongoni kwangu. Kiko hai?"

Nikainua jicho moja. Mgongoni pake, juu ya suti nyeupe, mwavuli wa mke wangu ulikuwa umetandazwa, na roketi imelala ubavuni mwake.

"Ni parachuti, Madam."

"Kwa hiyo imeruka?"

"Nadhani, Madam."

"Unadhani?"

Tulianza kuinuka mmoja mmoja, tukijipangusa na kukwepana macho. Mzee Masanja alikuwa wa kwanza kupata fahamu za uenyekiti.

"Tulikubaliana ionekane," alisema. "Nani kaiona?"

Nikawatazama wanachama wa klabu yangu, wakatazama viatu. Nikamgeukia mwalimu wa michezo, aliyepewa kazi ya kupiga video. Akaniinamishia simu. Video nzima ilikuwa nyasi. Injini ndiyo ile moja, na sasa ilikuwa majivu. Nikaona magunia yakiingia mlangoni, moja baada ya jingine.

"Mimi nimeiona," ilisema sauti kando ya goli.

Alikuwa Mama Zuhura, amesimama na upawa mkononi, mtu pekee aliyekuwa wima katika uwanja mzima. Kwao Pangani filimbi ni ya mpira.

"Kwani nyie mlikuwa mnatafuta nini huko chini?" aliuliza.

"Mama, eleza ulichokiona," Madam akamwambia.

"Kimepanda, mwanangu. Kimepanda wima, hakikuyumba, mpaka nikakipoteza. Nikasema haya, ndiyo kimekwenda. Mara kikakohoa, kikafungua mwavuli, kikaanza kushuka polepole kama bi harusi anayejua kwamba anatazamwa. Kikakuzunguka weye, kikakuchagua mgongo."

"Shahidi mmoja hatoshi," Mzee Masanja akasema.

"Basi njoo umwone wa pili." Mama Zuhura akaelekeza upawa kwenye kikaango. Vitumbua vyote vilikuwa vimeungua, vyeusi kama mkaa. "Tangu nianze kazi hii sijaunguza. Unafikiri nilikuwa natazama nini, kisogo chako?"

Umati ukacheka, na mwenyekiti, kwa heshima yake, akacheka pia. Madam akaiokota roketi, akaigeuza, akachungulia ndani yake mlimokuwa na masizi, akapapasa mapezi ambayo hayakuvunjika hata moja. Kisha akawageukia watu, majani yakiwa bado kwenye nywele zake.

"Kitu kimekwenda juu, kimerudi kizima, na kimenikuta mimi. Chumba kinabaki kwa klabu. Mahindi tutayatafutia pengine."

Wanafunzi walilipuka kwa shangwe. Waliizungusha roketi uwanja mzima wakiwa wameiinua juu kama kombe, na wachimbaji wakaifuata wakiimba. Mzee Masanja akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wabeja, mwalimu," alisema, akinishukuru kwa Kisukuma chetu. "Ila lile la kusimama wima na kutazama usoni, utalifundisha lini?"

Nilinunua vile vitumbua vilivyoungua vyote, nikavila njiani, na sikumbuki kula kitu kitamu kuliko hivyo.

Video ya nyasi tayari imefika kwenye kundi la walimu wa wilaya, pamoja na sauti yangu nikimwita mama. Sitamzuia yeyote kucheka. Naomba tu acheke akiwa amesimama, maana hilo ndilo lililonishinda mimi.