Elfu Moja na Mia Tano za Kushangaa

Wakazi wote wanaarifiwa kwamba Jericho sasa imo kwenye orodha ya mitaa iliyoendelea, kwa maana ina Kamati ya Kudumu ya Chaja za Magari. Gari lenyewe ni moja. Kamati ina wajumbe watano, muhuri mmoja na viti vya plastiki vya kukodi, na Jumamosi ilikaa uani kwa Lydiah kusikiliza malalamiko yake dhidi ya fundi wa stima. Kina mama, someni pole pole, maana yaliyompata yeye hayako mbali na mlango wa mtu.

Lydiah ni mtu wa wasiwasi. Akizima jiko hurudi kuliangalia mara tatu. Binti yake Shirleen alipopewa kazi ya kuendesha gari la stima la kubebea abiria, na chaja ikafungwa ukutani, Lydiah alianza kunusa ukuta kila asubuhi. Na kweli, mwezi wa pili ukuta ukatoa moshi.

Akaitwa fundi Jackton. Akafungua kisanduku cha swichi, akapiga mluzi, akatikisa kichwa, akauliza swali ambalo mafundi wote wa Nairobi huzaliwa nalo:

"Mathe, nani alikufanyia hii kazi?"

Akatengeneza, tena vizuri. Kisha akaandika bili. Waya nene, sawa. Swichi mpya, sawa. Kazi ya mikono, sawa. Mstari wa mwisho: Kushangaa, 1,500.

Lydiah akakataa kulipa. Jackton akaichomoa kebo ya chaja, akaitundika begani. "Basi hii inalala kwangu mpaka tuelewane, Mathe."

Gari likabaki na asilimia nne. Na mwenye gari alikuwa ameshasema: Jumatatu likiwa limesimama, analichukua, Shirleen atafute kazi nyingine.

"Kwa mujibu wa taratibu," alifungua mkutano Mwenyekiti, Mzee Thuo, ndani ya suti ya harusi, "kilichoandikwa kwenye kumbukumbu za Kamati hakifutwi. Hata mimi siwezi kukifuta. Katibu, andika hivyo."

Katibu ni Nafiso, muuza vitambaa, mtu asiyepoteza hata kipande cha uzi. Akaandika.

"Fundi. Tangu lini kushangaa kukawa kazi?"

"Mzee, nilishangaa dakika ishirini. Huo si muda wangu?"

"Hata mimi hushangaa kila siku, na silipwi."

"Ni vile hujaona hicho kisanduku."

Kisanduku kilichoungua Jackton alitaka kwenda nacho, Lydiah akakatalia. Si kwa ujanja. Aliogopa kingewaka tena njiani, aulizwe yeye. Alikitia ndani ya sufuria, akafunika, akaweka tofali juu. Sasa akaileta sufuria hivyo hivyo, na tofali lake.

Kamati ikasogea. Waya ya taa, nyembamba kama kamba ya kiatu, ndiyo iliyobebeshwa gari zima. Palipoungwa pamefungwa kwa karatasi ya maziwa.

"Ngai!" alisema Mzee Thuo.

"Wallahi," alisema Nafiso.

Wajumbe wengine watatu walishika vichwa tu.

"Kamati imeshangaa," Mwenyekiti alitangaza, akajifuta jasho. "Kumbe ni kazi, tena inachosha. Andika: kila mjumbe aliyeshangaa atalipwa kama fundi."

Lydiah akashika kifua. "Mwenyekiti! Niuze nini sasa, hii sufuria?"

"Tulia, Mama Shirleen. Kamati haionei mtu. Andika: bili yote, pamoja na kushangaa kwa kila mtu, italipwa na yule mjinga aliyesimamia kazi hii. Piga muhuri."

Nafiso akapiga.

"Sasa atafutwe," Mwenyekiti akasema. "Ni mtu hatari kwa maendeleo."

Lydiah akainua kidole. "Naogopa kusema. Lakini ndani ya kifuniko cha kisanduku kuna karatasi. Masizi ndiyo yameifunika."

Akalowesha pembe ya leso kwa mate, akafuta. Kikatokea kibandiko cha manjano: Kazi hii imesimamiwa, imekaguliwa na imepitishwa. Ada imepokelewa. Chini yake saini yenye mkia mrefu, na muhuri ule ule ambao wino wake mezani ulikuwa haujakauka.

"Siku hiyo ulikuwa na haraka ya mkutano," Lydiah alimkumbusha Mwenyekiti kwa adabu. "Ulipiga muhuri ukiwa hapo nje kwa geti."

Mwenyekiti akakohoa. "Katibu, futa."

Nafiso akafunua ukurasa wa nyuma, akaweka kidole. "Hata wewe huwezi. Nimeandika."

Jackton akaishusha kebo, akamwekea Lydiah mapajani. "Mathe, mimi na wewe tumemalizana. Sasa niko na Mzee."

Shirleen alishaichukua na kukimbilia ukutani kabla mama yake hajasema pole pole, utajikwaa.

Kwa hiyo kina mama, fundi akimaliza, kilichoungua kisitoke nyumbani. Kiwekeni kwenye sufuria. Tofali si lazima.

Mwenyekiti alikuwa bado anakitazama kibandiko, mdomo wazi. Nafiso akaangalia saa, akashika kalamu.

"Na huku kushangaa kwa sasa hivi, Mwenyekiti, niandike pia?"