Hotuba ya Mikono ya Baba wa Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Machi
Tamsin, binti yangu wa pekee, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Bwana harusi, Declan, ni kiziwi, na ukoo wake mzima hivyo hivyo. Tamsin kaniomba nitoe hotuba kwa Auslan, lugha yao ya mikono, bila mkalimani. Machozi yalimlengalenga alipoomba. Nimekubali. Tatizo ni baba yake Declan, Mervyn Tolliday, fundi makabati. Naye atahutubia, na mji wetu wote wa Bendigo unamsifu. Lazima nimfunike!

Jumatano, 5 Machi
Nimepanga hotuba yote kwa kitabu cha picha. Kila neno na alama yake. Nikampelekea Bi Glenys, mwalimu wa darasa la jioni, kiziwi mwenyewe. Akaniandikia ubaoni kwamba hicho ni Kiingereza kilichovaa glavu. Kisha akanionyesha. Wakati kwanza: jana. Halafu mahali. Halafu watu, kila mmoja akapewa kituo chake hewani. Zawadi ikatoka kwa huyu ikaenda kwa yule, mkono mmoja tu, na nikajua nani kampa nani. Nyusi zikapanda, likawa swali. Uzuri ulioje! Kwangu nyusi hazipandi hata nikifinywa.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango mpya: kumwibia Mervyn. Anafanya mazoezi gereji kila alasiri. Nimejibanza nje ya dirisha, jua mgongoni. Kiziwi hasikii, kwa hiyo nilikanyaga vijiti vikavu kwa raha zangu. Jamani, mikono ile! Alimweka bibi kizee pembeni, akasimulia mengine kibao, kisha akanyoosha kidole palepale, na bibi alikuwa bado yupo. Naapa nilimwona.

Jumapili, 9 Machi
Kabadilisha hotuba! Mpya ni tamu zaidi. Jamaa mwenye tumbo ananyatia ukuta, anarefusha shingo, macho yanamtoka, anarudi nyumbani akicheza. Kesho yake tena. Maneno mengi yamenipita, ila nadhani ni Declan akimchungulia Tamsin enzi za uchumba. Tumbo ni chumvi ya msimuliaji. Naichukua yote.

Jumatano, 12 Machi
Nimeikariri, mpaka mashavu. Noreen, mke wangu, kanikuta mbele ya kioo akauliza kama tumbo linaniuma. Nikamjibu kwamba hii ni sanaa.

Jumamosi, 15 Machi
Nilimhonga mshereheshaji keki za nazi ili nitangulie. Nikasimama. Jamaa kanyatia, karefusha shingo. Ukumbi ukalipuka! Watu wakapiga meza, mikono ikapepea juu, ndiyo makofi yao. Shangazi wa Declan aliporomoka kitini kwa kicheko. Nikamtupia Mervyn jicho la ushindi. Naye alikuwa akipepea kuliko wote.

Tamsin akanijia, uso umemwiva. Akaninong'oneza: "Baba, umewasimulia wageni wote jinsi mzee mwenye tumbo anavyochungulia gereji ya baba mkwe wa bintiye amwibie hotuba."

Nikamwambia haiwezekani, nilijificha vizuri. Akamuuliza Mervyn kwa mikono, akanifasiria jibu: kila alasiri kivuli changu kililala sakafuni mwake, kimefika mpaka mezani pa kazi. Aliona niko peke yangu nje, akaamua kunitungia kitu.

Kisha Mervyn akasimama. Ile ya kwanza, ya bibi kizee, hakuigusa. Alimweka Tamsin hewani kulia, Declan kushoto. Mimi akaniweka nyuma ya Tamsin. Mkono ukatoka kwangu ukaenda kwake, taratibu, umebeba kitu chepesi, ukafika kwa Declan, kisha ukanirudia mimi. Sikuhitaji kitabu. Nililia kama mtoto, na sioni aibu kuandika hivyo. Tamsin alinishika mkono mpaka mwisho, akasema hajanikasirikia, angalau nilithubutu.

Jumapili, 16 Machi
Mervyn kapita asubuhi na soseji. Kaniandikia kwamba kila Alhamisi niende, atanifundisha mwenyewe, uso kwa uso, bure. Mtu mwema kupindukia, mikono yake ni hazina ya mji huu. Nimekubali, tukakumbatiana.

Ila akinifundisha ana kwa ana si atanibania zile hotuba nzuri? Mjukuu akizaliwa kutakuwa na hotuba nyingine. Nimeshaazima ngazi kwa jirani. Nikichungulia kutoka juu ya paa la gereji yake, kivuli hakiingii ndani.