Bi Harusi na Gari la Baridi

Jumatatu, 6 Februari 1984

Nimeshinda! Kamati ya harusi imekubali gari langu limbebe Nthambi Jumamosi. Nthambi ni binti wa kaka yangu Kisilu. Mbuthia, jirani yangu hapa Umoja, alitaka abebwe na gari lake dogo jeupe, lile analolipangusa kila asubuhi kama sahani. Mimi niliwauliza akina mama swali moja tu. Kwa jua hili, na vumbi la njia ya Mowlem, gauni jeupe litafikaje kanisani madirisha yakiwa wazi? Gari langu, nikasema, lina AC. Vioo vinafungwa, bi harusi anafika kama ametolewa kwenye friji. Makofi! Mbuthia alitazama viatu vyake.

Gari nililinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Refu, milango mitano. AC inapuliza vizuri sana. Inapuliza hewa ya moto, lakini kamati haikuuliza.

Jumanne, 7 Februari

Nilimwita Simiyu, fundi wa friji. Akafungua boneti, akapaka povu la sabuni kwenye mabomba, mahali pamoja pakatoa viputo. Gesi yote imevuja, akasema, kuna tundu. Bomba litolewe, lichomelewe, ndipo gesi ijazwe. Alitaka aachiwe gari hadi Alhamisi jioni.

Siku mbili nzima kwa tundu la sindano! Watu wangedhani nimeliuza. Nikamwambia ajaze gesi tu, mambo ya tundu aniachie. Alikataa. Fundi mwenye kiburi.

Jumatano, 8 Februari

Tundu nimeliziba mwenyewe. Tyubu ya baiskeli, waya, gundi. Kazi safi. Nikamrudia Simiyu. Alicheka kwanza, kisha akajaza gesi kwa sharti kwamba asije akalaumiwa.

Baridi! Baridi ya kweli! Nilivaa sweta, nikafunga vioo, nikazunguka mtaa polepole nikipita mbele ya Mbuthia. Mara ya kwanza alijifanya haoni. Mara ya pili aliinua kichwa. Mara ya tatu nikasikia psss kutoka kwenye boneti, na joto likarudi lote kwa pamoja. Mbuthia akaja dirishani kuuliza mbona natiririka jasho. Nilimwambia nina malaria. Akanipa pole, na nadhani alikuwa anamaanisha.

Ijumaa, 10 Februari

Mbithe, mke wangu, ameniomba niiambie kamati ukweli leo, Mbuthia apate nafasi ya kulipamba gari lake. Aliniomba kwa upole. Angenifokea ningejua la kumjibu.

Jioni Nthambi mwenyewe akaja, nywele zake zilizotiwa dawa ya mawimbi, kalikiti, amezifunga leso. Akasema, asante baba mdogo, mimi nilikuwa naogopa vumbi tu. Mama yake alishona gauni lile miezi minne, kwa mkono. Nikamwambia asiogope.

Baadaye nikiwa naoga, nikapata jibu. Feni ya AC ni nzima. Kinachokosekana ni baridi tu. Na baridi inauzwa! Sokoni Gikomba, kwa wauza samaki.

Jumamosi, 11 Februari

Alfajiri nilikuwa Gikomba. Selpher, mama wa samaki, alisema barafu safi imekwisha, imebaki ile iliyolaza sangara tangu Alhamisi. Barafu ni barafu, nikamwambia. Nikajaza beseni mbili. Moja chini ya dashibodi panapotoka hewa, nyingine nyuma ya kiti changu, juu yake blanketi. Nikawasha feni. Baridi kama Limuru! Safari ni nusu saa, barafu ya saa nzima. Nilikuwa nimepiga hesabu zote.

Sikuwahesabu mashangazi.

Watu wa bwana harusi walipofika kumchukua Nthambi, mashangazi walifunga lango wakaanza kuimba. Hawafungui mpaka waletewe leso. Leso zikaletwa. Wakasema bibi wa bi harusi hana blanketi. Mtu akatumwa blanketi. Saa moja na nusu! Gari juani, vioo vimefungwa. Nilikwenda kuwasihi wafungue, wakanicheka, wakauliza tangu lini mtu wa upande wetu ana haraka ya kumtoa binti.

Nthambi alipoingia, hewa ilikuwa ya moto na ya samaki. Msimamizi wake akaziba pua kwa maua. Shimo la kwanza, beseni ya nyuma ikapinduka, maji yote kwenye gauni. Nthambi akafungua dirisha apumue. Nikamwambia funga, vumbi! Akafungua na la pili. Maji yalikuwa yamekwisha ingia, vumbi likafuata. Tulipofika kanisani gauni lilikuwa jeupe kuanzia magotini kwenda juu.

Hakulia. Aliniuliza tu kwa sauti ndogo, baba mdogo, ulijua? Nikashuka kumfungulia mlango. Baada ya ibada aliingia gari la Mbuthia, madirisha wazi. Mbuthia alikuwa amelipamba tangu jana usiku. Mbithe alikuwa amemdokezea.

Niliona aibu. Naandika kwa sababu hakuna anayesoma hapa. Lakini kosa ni la mashangazi.

Jumapili, 12 Februari

Kisilu hakunisalimu kanisani. Mama Nthambi alihama benchi. Nikakaa peke yangu, nikatafakari sana.

Mwisho wa ibada likatoka tangazo. Mzee mmoja wa kanisa amefariki, atazikwa Mwala siku ya Alhamisi, na familia inatafuta gari refu la kubeba jeneza. Nilisimama kabla mchungaji hajamaliza. Mjane akaja kuniuliza nje kama mzee atasafiri salama na jua lote hili. Nikamwambia mama, usiwe na wasiwasi hata kidogo, gari langu lina AC. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Mbuthia alikuwa anatutazama.