Swali la Mwisho la Jaribio la Sayansi
Jamani, leo nimeumbuliwa na darasa la sita, tena kwa kalamu.

Mimi ni mwalimu wa sayansi huku Olasiti. Kwa kuwa ni mdogo kuliko wote ofisini, nimefanywa mtaalamu wa mtandao (hakuna aliyeniuliza). Tukitunga majaribio, flashi huzunguka meza kwa meza na virusi vyake. Leo asubuhi Mwalimu Mkuu akanipa nafasi moja: niwaoneshe walimu jinsi ya kutunga jaribio kwa pamoja kwenye faili moja la mtandaoni. Likifaulu, tunaachana na flashi. Likishindikana, nisimsumbue tena. Nililitaka hili kwa moyo wote.

Nikawatumia linki. Mwalimu Kaaya, mzee wetu wa kilimo, akaona majina ya wenzake yanatembea kwenye kioo cha simu yake, akavutiwa kama mtoto. Huyu nani? Na huyu wa kijani? Mwalimu Mkuu, aliyekuwa ofisini kwake, naye yumo? Nikamwambia yumo.

"Sasa binti," akasema, "nimeingia mahali nimekuta watu. Nianze maswali bila kusalimia?"

Akasalimia. Humo humo kwenye faili, kati ya swali la usanisinuru na la mapafu. Walimu vijana wakamwandikia shikamoo, akawapa marahaba mmoja mmoja. Wakaulizana habari za migomba na mvua za mlimani. Kisha Kaaya akaniandikia mimi: "Mwalimu Neema, yule kijana aliyekuleta kanisani Jumapili anatoka wapi?"

(Ofisi nzima ikanigeukia. Hata chai haikunywewa.)

Nikafuta salamu zote, nikafuta na swali lake, nikahakikisha ukurasa uko safi. Nikaenda kuwasha printa, najisifu kimoyomoyo. Kumbe Kaaya, alipoona swali lake halipo, alidhani mtandao umelimeza. Akaliandika upya, kule chini kabisa. Faili nalo, kwa ukarimu wake, likalipatia namba.

Baada ya mapumziko nikagawa karatasi. Darasa likatulia. Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hili la mwisho tujibu kwa kifupi au kwa maelezo?"

Nikalisoma. Lilikuwa lile la Kaaya. Nikawaambia waliache, lakini nani alinisikia? Vichwa vilishainama. Tangu nianze kufundisha sijawahi kuona watoto wakifikiri namna ile.

Jaribio lilipoisha, Mwalimu Mkuu akaja ofisini kwetu na nakala yake mkononi. Nikajua ndiyo basi, flashi inarudi. Akauliza nani ametunga la mwisho. Kaaya akasema ni yeye, na angependa kujua kwa nini lilifutwa mara ya kwanza. Mkuu akacheka hadi akavua miwani. Akasema faili liendelee, maana hajawahi kuona walimu wote wakishiriki kutunga jaribio.

Basi nimekaa hapa nasahihisha. Wengi wamebahatisha Moshi. Mmoja ameandika: "Usa River, jirani na shangazi yangu. Anakaa kwa mama yake."

Msicheke, tafadhali. Nimempa alama yake. Sasa nampigia simu huyo kijana, maana mimi aliniambia ana nyumba yake.